NJIA YA BIDHAA: MAFUNZO YA KARANGA ZA KONGWA



Nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu hulitumia kila siku, na walakini ni wachache wanaolifikiri: njia ya bidhaa. Mtu huingia dukani akakuta chumvi, sukari, sabuni na mafuta ya taa yamewekwa mahali pake. Hutoa fedha, huchukua haja yake, akaenda zake. Haulizi chumvi ile ilitoka wapi, ni nani aliyeipakia, ilikaa siku ngapi bandarini, wala ni nani aliyelipa gharama ya ghala. Huanza kuuliza siku ile anapokuta rafu tupu, na siku hiyo mwenye duka naye hujiuliza, lakini amekwisha chelewa.

Watu wengi hudhani kwamba biashara ni mambo mawili tu, kununua na kuuza. Ukweli ni kwamba katikati ya mambo hayo liko la tatu, nalo ndilo linaloamua kama mfanyi biashara atapata faida au atakula mtaji wake. Jambo hilo ni kuchukua bidhaa na kuziweka: kuzitoa mahali zilipo nyingi na kuzifikisha mahali zinapotakiwa, kwa wakati wake, kwa kiasi chake, zikiwa nzima, na kwa gharama ambayo mnunuzi anaweza kuilipa. Siku hizi wataalamu huliita ugavi, na mfululizo wote wa watu na vyombo, tangu shambani au kiwandani hata mkononi mwa mnunuzi, wameuita mnyororo wa ugavi. Mimi napenda kuufananisha na kamba ya kisimani. Ikikatika mahali pamoja ndoo hubaki chini, hata kama sehemu yote iliyosalia ni mpya.

Elimu hii si ngeni katika nchi zetu. Kabla ya reli, bidhaa za bara zilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi kutoka Bagamoyo hata Tabora na Ujiji. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratli 70. Basi pigeni hesabu. Tani moja ina ratli 2,240, kwa hiyo tani moja ya mzigo ilihitaji watu 32, na watu hao wote hula njiani kwenda na kurudi. Ndiyo sababu pembe za ndovu ziliweza kusafirishwa toka mbali kwa faida, na mahindi hayakuweza. Pembe ilikuwa na thamani ya kumlisha mpagazi na kubakisha faida. Mzigo wa mahindi ungeliwa na mchukuzi mwenyewe kabla hajafika pwani. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya uchukuzi, nayo haijabadilika: gharama ya njia ndiyo inayoamua ni bidhaa gani inayoweza kusafiri.

Viongozi wa misafara walijua na kanuni ya pili. Walichukua nguo za merikani, kaniki, nyaya za shaba na shanga. Shanga zilikuwa za rangi na namna nyingi, na kila nchi ilikuwa na aina yake iliyopendwa. Aliyebeba shanga nyekundu mpaka nchi iliyotaka za rangi nyingine aliona mali yake imegeuka kuwa changarawe. Alikuwa nayo mali, lakini haikuwa mali ya pale. Basi kabla ya kufunga mzigo, mtu hana budi kumjua mnunuzi.

Na mabaharia wa majahazi walijua kanuni ya tatu, nayo ni wakati. Kaskazi ilivuma toka mwezi wa Desemba hata Machi, ikaleta majahazi ya Arabuni na Ghuba, yakiwa na tende, mazulia na samaki wa chumvi. Kusi iliposhika, kuanzia Aprili, yakarudi kwao na boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji. Mwenye jahazi aliyekawia kupakia hata pepo zikageuka hakupoteza siku mbili tatu. Alipoteza msimu mzima. Kwa hiyo mfanyi biashara wa Unguja au Mombasa alikuwa lazima aweke akiba ya kumtosha mpaka pepo zirudi tena. Hakuwa na barua ya simu ya kuagizia tende mwezi wa Agosti. Alihesabu miezi, akaweka ghalani.

Sasa nataka kuwaeleza habari ya shauri moja kubwa ambalo watu wake walikuwa na fedha nyingi, mitambo mingi na elimu nyingi, lakini wakashindwa na mambo hayo hayo waliyoyajua wapagazi na mabaharia. Ni habari ya karanga za Kongwa, katika nchi ya Ugogo, Tanganyika.

Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na chakula kilikuwa bado kikigawiwa kwa kadi. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa Company, alitoa shauri kwamba karanga zilimwe katika Afrika ya Mashariki kwa mitambo, katika mashamba makubwa sana. Serikali ya Uingereza ikampeleka Bwana John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa idara ya kilimo ya Tanganyika, pamoja na wenziwe wawili kuitazama nchi. Wakarudi na taarifa iliyosema kwamba zaidi ya ekari milioni 3 zaweza kufyekwa na kulimwa, sehemu kubwa katika Tanganyika na nyingine katika Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Gharama ilikisiwa kuwa kama pauni milioni 25. Kazi ikaanza mapema mwaka 1947, na mahali pa kwanza palikuwa Kongwa.

Mnaona kwamba kwenye karatasi kila kitu kilikuwa tayari. Ekari ziko, trekta zitanunuliwa, karanga zitaota, mafuta yatakamuliwa. Lakini kati ya karatasi na shamba ilikuwako njia, na njia hiyo haikupewa nafasi yake katika hesabu. Haya tuifuate pamoja, hatua kwa hatua, kama tunaofuata gunia moja.

Hatua ya kwanza ni kupata mitambo. Ulimwengu ulikuwa umetoka vitani, na viwanda havikuweza kutengeneza trekta mpya kwa wingi uliotakiwa. Wakanunua trekta kuukuu, nyingi zikiwa mabaki ya majeshi, na nyingine zilitoka mbali kama visiwa vya Philippines. Zilikuwa za namna nyingi, na zilikwisha tumika. Anayenunua kitu kikuukuu kwa ajili ya kazi ngumu hana budi kununua na vipuri vyake, kwa sababu kuharibika kwake ni jambo la hakika. Lakini vipuri havikutosha, na karakana ya kuzitengeneza haikuwa tayari. Hata mwisho wa mwaka ule wa kwanza trekta nyingi zilikuwa zimesimama, nazo hazifai kitu.

Hatua ya pili ni bandari. Wakati huo Dar es Salaam haikuwa na gati ya maji marefu. Meli kubwa zilitia nanga katikati ya bandari, na shehena ikashushwa katika matishari, kisha ikavutwa mpaka pwani, kisha ikapakuliwa mara ya pili. Kila tani iliguswa mara mbili kabla haijakanyaga nchi kavu. Bandari ya namna hii ina kipimo chake, kama mdomo wa chupa una kipimo chake. Ukiimimina pipa zima kwa mara moja, maji yatamwagika nje, na chupa haitajaa upesi zaidi. Mitambo, saruji, mabati, vyakula na magari yalifika pamoja, yakarundikana, na bidhaa za watu wengine wa Tanganyika zikangoja nyuma yake.

Hatua ya tatu ni reli. Reli ya Kati ni ile iliyoanzwa na Wadachi mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Ilikuwa njia moja tu, na juu ya njia hiyo moja ilipita mizigo ya nchi yote ya kati na ya magharibi. Tena reli hiyo hupita katika bonde ambalo mito yake, kama Kinyasungwe, hukauka miezi mingi na kisha huja kwa nguvu siku moja. Katika siku za mwanzo za shauri hili mafuriko ya Kinyasungwe yalichukua reli, na mizigo ikabaki na barabara ya udongo. Jambo hili halikuwa ajali isiyoweza kufikiriwa. Mafuriko katika bonde lile ni mambo ya desturi. Hata miaka mingi baadaye, mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, mvua iliharibu vibaya reli hiyo hiyo kati ya Kilosa na Gulwe. Mwenye njia moja tu ya kupita lazima ajue mapema atafanyaje siku njia hiyo itakapofungwa.

Hatua ya nne ni shamba lenyewe. Kongwa hapakuwa na maji ya kuwatosha watu wengi vile, ikabidi yachukuliwe kwa magari. Gari linalobeba maji halibebi mbegu. Vichaka vya pale vina mizizi migumu iliyopinda visu vya matingatinga, na udongo wake ulikula majembe upesi, kisha ukakauka wakati wa kiangazi ukawa kama matofali. Mvua zake hazina ahadi. Wagogo waliyajua hayo yote. Waliokuwa wazee wakati huo walikuwa wamekwisha pitia njaa kuu waliyoiita Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Lau kama maneno yao yangewekwa mezani pamoja na ramani, hesabu ya mvua ingalikuwa nyingine.

Hatua ya tano, Mabibi na Mabwana, ni watu. Bidhaa haiendi kwa miguu yake. Mwezi wa Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliacha kazi kwa sababu mshahara wao haukuweza kulingana na bei za vitu, na mgomo huo ukaenea bara kando ya reli. Wenye shauri la karanga walikuwa wamehesabu trekta na tani, lakini posho ya mtu anayebeba gunia kutoka katika tishari haikuwa katika mstari wa mbele wa hesabu yao. Kazi ikasimama mpaka neno la makuli liliposikilizwa, wakapata nyongeza. Yafaa kila mfanyi biashara akumbuke kwamba hamali, dereva, karani wa ghala na mlinzi wa usiku ni sehemu ya njia kama reli ilivyo. Akiwadhulumu, amekata kamba yake mwenyewe.

Matokeo yalikuwaje? Mwaka wa kwanza ilikusudiwa kufyeka ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500 tu. Mwaka 1948 kazi ikachukuliwa na shirika la serikali lililoitwa Overseas Food Corporation, wala mambo hayakupona. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa trekta, navyo havikufaa. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba shauri limeachwa, na fedha iliyopotea ilipita pauni milioni 35. Watu wa Uingereza hawakupata mafuta yao, na watu wa Kongwa waliachiwa ardhi iliyofyekwa na vyuma vilivyokufa.

Kusini mwa nchi, kwa ajili ya karanga hizo hizo za Nachingwea, ilijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda bara. Karanga hazikuja. Reli ikakosa mizigo, ikafungwa mwaka 1962, na vyuma vyake vikang'olewa. Lakini bandari ilibaki, na baadaye ikapata mzigo wake katika korosho zilizopandwa na wakulima wadogo wa kusini. Hapa pana fundisho lingine: njia isiyo na mzigo wa kwenda na wa kurudi haiwezi kujilisha. Mtu anayenunua lori ajiulize kwanza lori hilo litarudi na nini.

Msiseme kwamba habari hii ni ya wakubwa na mamilioni, nasi wenye maduka madogo haituhusu. Makosa ya Kongwa ni yale yale yanayoua duka la kijijini, ila kwa kipimo kidogo. Mtu hununua cherehani bila kujua sindano zake zinapatikana wapi. Mwingine huagiza magunia 50 ya unga kabla ya kujenga ghala, mvua ikanyesha, unga ukavunda. Mwingine humtegemea mwuzaji mmoja tu, na siku mwuzaji huyo akiugua duka hufungwa. Kisha mtu husema, "Sina bahati." Bahati haikuwamo.

Na sasa tutazame mfano wa upande wa pili. Katika mteremko wa Kilimanjaro Wachaga hulima kahawa kati ya migomba, kila mtu katika kihamba chake. Mkulima mmoja hana mzigo wa kujaza hata behewa moja. Lakini mwaka 1933 vyama vya wakulima viliungana katika chama kikuu cha ushirika, Kilimanjaro Native Co-operative Union. Kazi ya ushirika huo ilikuwa hasa kuitengeneza njia. Mkulima huchuma na kuosha na kukausha kahawa yake, huipeleka katika chama kilicho karibu naye. Pale hupimwa, huandikwa, naye hupewa stakabadhi. Kutoka vyama vidogo mzigo hukusanywa Moshi, hukobolewa, huchaguliwa kwa daraja zake, hutiwa katika magunia.

Njia ya kutokea nayo ilikuwako. Reli kutoka Tanga ilikwisha fika Moshi mwaka 1911, na wakati wa vita kuu ya kwanza ikaunganishwa na reli ya Mombasa pale Voi. Kwa hiyo kahawa ya Kilimanjaro ilikuwa na bandari mbili. Tazameni tofauti. Huko Kongwa walianza na ukubwa, wakaitafuta njia baadaye. Huku Moshi walianza na kikapu cha mtu mmoja, na kila walipoongeza kikapu, walikuwa wanajua kitapita wapi. Sisemi kwamba wakulima wa kahawa hawakupata taabu. Bei ya kahawa imewaliza mara nyingi. Lakini njia yao ilijengwa kutoka chini, na iliwabeba.

Sasa nitawapa hesabu mbili ambazo kila mwenye duka aweza kuzifanya kwa kalamu ya risasi.

Hesabu ya kwanza ni ya kujua siku ya kuagiza. Tuseme duka lako huuza magunia 4 ya sukari kila juma. Tangu siku unapotuma fedha mjini mpaka gunia kufika mlangoni ni majuma 3. Basi katika majuma hayo 3 utauza magunia 12. Lakini wajua kwamba wakati wa masika gari hukawia juma moja. Ongeza magunia 4 ya tahadhari, jumla ni 16. Maana yake, siku sukari yako ishukapo hata magunia 16, andika barua ya kuagiza siku ile ile. Ukingoja mpaka yabaki 4, utakaa majuma mawili au matatu bila sukari, na mnunuzi aliyekwenda duka la jirani kufuata sukari atanunua huko na sabuni na majani ya chai, na huenda asirudi.

Hesabu ya pili ni dawa ya kosa la upande mwingine. Wapo wanaoogopa upungufu hata wakajaza ghala mpaka darini. Fedha iliyolala ghalani ni fedha iliyolala, haizai. Tuseme una mtaji wa shilingi 100. Ukinunua bidhaa zinazochukua miezi 3 kwisha, ukapata faida ya shilingi 10 kila mara, kwa mwaka umezungusha mtaji mara 4, nawe umepata shilingi 40. Jirani yako ana shilingi 100 vile vile. Yeye hununua kidogo kidogo, bidhaa zake huisha kila mwezi, naye hutosheka na faida ya shilingi 5 tu kila mara. Kwa mwaka amezungusha mara 12, amepata shilingi 60. Ameuza kwa bei nafuu kuliko wewe, bidhaa zake ni mpya kuliko zako, panya wake ni wachache kuliko wako, na mfuko wake umekuzidi. Basi akiba iwe ya kutosha kuvuka taabu za njia, isizidi hapo.

Lakini hesabu hizo mbili hazifanyiki bila daftari. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Asiyeandika ameuza magunia mangapi kwa juma atakisia, na makisio ya mwenye shauku huwa makubwa kuliko kweli, kama tulivyoona Kongwa. Andika tarehe ya kuagiza na tarehe ya kupokea, maana tofauti ya tarehe hizo ndiyo urefu wa kweli wa njia yako, si ule alioutaja mwenye lori. Andika kilichotoka na kilichofika. Na msidharau upungufu mdogo mdogo: ratli moja iliyochukuliwa njiani, kopo lililobonyea, gunia lililotoboka. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mzigo uhesabiwe kila unapobadilika mkono, na mpokeaji atie sahihi. Pasipo sahihi, kila mtu atamnyoshea mwenzake kidole, na hasara itabaki kwako.

Na lipo jambo la ghala. Ghala jema halihitaji kuwa kubwa, ila liwe kavu, lipitishe hewa, na magunia yapangwe juu ya mbao, yasiguse sakafu wala ukuta. Tena kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Mtu mvivu huweka mzigo mpya mbele ya mzigo wa zamani, akauza ule ulio karibu na mlango. Mwisho wa mwaka huukuta ule wa nyuma umekuwa chakula cha vidudu.

Huenda mtu akasema kwamba mambo haya yalikuwa ya zamani, na kwamba vyombo vya siku hizi vimeondoa taabu zote. Ni kweli kwamba vyombo vimebadilika sana. Tarehe 26 Aprili 1956 Bwana Malcom McLean wa Marekani alisafirisha makasha makubwa 58 ya chuma kwa meli iliyoitwa Ideal X, kutoka Newark hata Houston. Tangu hapo mzigo hufungwa mara moja kiwandani, ukapita melini, garini moshi na katika lori bila ya kufunguliwa, na gharama ya kupakia imeshuka sana. Lakini mnamo Machi 2021 meli moja yenye urefu wa mita 400, Ever Given, ilikwama katika Mfereji wa Suez, ikauziba kwa siku 6, na mamia ya meli zikangoja pande zote mbili. Ukubwa wa chombo haukuondoa taabu ya njia moja, uliizidisha. Mto Kinyasungwe na Mfereji wa Suez vimesema neno lile lile.

Basi nawaombeni, wenye maduka, wakulima mnaouza mazao, na ninyi vijana mnaotaka kuanza biashara, kabla ya kutoa fedha jiulizeni maswali haya. Ni nani atakayenunua, na anataka kiasi gani? Mzigo utatoka wapi, na utakuwa njiani siku ngapi? Njia hiyo ikifungwa, nitapita wapi? Utakapofika, nitauweka wapi usiharibike? Chombo kikivunjika, kipuri chake kiko wapi, na fundi wake ni nani? Watakaoubeba wanalipwa vya kutosha? Na haya yote yameandikwa katika daftari gani? Mwenye majibu aanze, hata kama mtaji wake ni kikapu kimoja. Asiye na majibu angoje kwanza ayatafute, hata kama ana mamilioni ya pauni.

Na katika kuyatafuta majibu msione haya kuwauliza waliotangulia. Aliyekwisha pita katika barabara ile wakati wa mvua aijua kuliko mwenye ramani. Huko Kongwa walikuwako watu waliojua mvua, udongo na mto, nao walikuwa karibu kabisa, umbali wa sauti ya mtu. Kuwauliza kusingegharimu hata senti moja.